Kanisa la Waliokombolewa: Urithi wa Kikatoliki wa Bagamoyo na Fundisho la Waalbania

   

Mada niliyopewa ni urithi wa Kikatoliki katika pwani hii iliyo kaskazini mwa Dar es Salaam. Majengo ya urithi huo yana wasimulizi wake tayari. Kila siku wageni wanapitishwa chini ya miembe ya misheni, wanaoneshwa mbuyu uliomeza mnyororo wa punda wa Madame de Chevalier, wanapiga picha mbele ya mnara wa Livingstone, kisha jioni wanarudi Dar es Salaam wakiamini historia wameiona. Mimi nataka kuuliza swali ambalo safari hiyo huwa hailigusi: urithi huu ni wa nani?

Jibu nitakalolitetea ni hili. Urithi wa Kikatoliki wa Bagamoyo ni, kwanza kabisa, wa watu waliotolewa utumwani na kuletwa hapa bila ndugu wala ukoo, wakafyatua matofali, wakapanda minazi na wakawa Wakristo wa kwanza wa upande huu wa bara. Pili, ni urithi uliowezekana kwa sababu wenyeji Waislamu waliukubalia ukae. Mapadri kutoka Ulaya wana heshima yao, nami sitawapunja. Lakini tumewaweka mbele kiasi kwamba walio nyuma yao hawaonekani tena. Ili jambo hilo lionekane vizuri, nitawaomba mnifuate kwa muda hadi Albania, nchi ndogo ya Ulaya ambako Wakatoliki, kama hapa kwetu, ni wachache wanaoishi pamoja na Waislamu walio wengi.

Ardhi ya watu wengine

Tuanze na ardhi yenyewe. Kanisa lilipofika hapa, Uislamu ulikuwa na karne nyingi. Nendeni Kaole, mwendo mfupi kusini mwa mji, muone magofu ya msikiti ambao wanaakiolojia wanaupeleka nyuma hadi karne ya 13. Mapadri wa Kireno waliwahi kuja katika pwani hii karne ya 16 na ya 17. Waagustino walikuwa na nyumba yao Mombasa. Ukristo ule uliegemea ngome na mizinga. Mwaka 1631 waumini wa Mombasa waliuawa katika uasi wa Yusuf bin Hasan, mtawala ambaye Wareno walikuwa wamembatiza na kumlea. Mwaka 1698 Waomani walipoitwaa Fort Jesus, Ukristo huo uliondoka pamoja na askari wake. Haukuwa umepata wenyeji wa kuubeba.

Safari ya pili ilianza kwa namna nyingine. Desemba 1860 Padri Armand Fava, msaidizi wa askofu wa kisiwa cha Réunion, alitia nanga Unguja akiwa na mapadri wenzake na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Hawakuja na manowari ya kuteka mji. Walikuja kuomba ruhusa ya Sultani Majid bin Said. Walifungua zahanati na karakana. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padri Antoine Horner, mwenyeji wa Alsace, akisaidiwa na Padri Étienne Baur, ambaye angekaa katika pwani hii karibu nusu karne.

Unguja palikuwa pamebana. Ardhi ilikuwa ghali, na watoto waliokombolewa sokoni walikuwa wanaongezeka. Mwaka 1868 Horner akavusha kazi yake hadi Bagamoyo, mji uliokuwa mdomo wa barabara ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilishukia hapa, na watumwa pia. Mapadri walipata kipande cha ardhi upande wa kaskazini wa mji, kwa idhini ya Sultani na kwa mazungumzo na majumbe wa pwani. Ningependa jambo hili likae vichwani mwetu: kanisa la kwanza la Kikatoliki la upande huu wa bara limejengwa kwa ruhusa ya mtawala Mwislamu, katika mji wa Waislamu, miaka 20 kabla Mjerumani hajajaribu kupandisha bendera yake.

Mwanzo haukuwa rahisi. Kipindupindu kilipita pwani nzima mwaka 1869 na 1870. Aprili 1872 kimbunga kilichoivunja Unguja kiliangusha pia majengo ya misheni. Walianza upya. Nyumba ya Mapadri ilianza kupanda mwaka 1873. Nyumba ya Masista, ambayo leo ni makumbusho, ni ya mwaka 1876. Ukienda kwenye makaburi ya misheni utaona jinsi homa ya pwani ilivyowamaliza vijana waliotoka Ufaransa na Alsace, wengine wakiwa bado wanahangaika kujifunza Kiswahili.

Kijiji cha Uhuru

Sasa tuwatazame wale waliozipandisha kuta hizo. Mapadri walinunua watoto katika soko la watumwa la Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko hilo, lakini biashara iliendelea kwa siri, na watoto walionaswa na meli za Waingereza majahazini wakawa wanakabidhiwa misheni mbalimbali. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamanyema, Wazigua na wengine wengi. Mtoto alifika hapa akiwa ametembea miezi, ameuzwa zaidi ya mara moja, na lugha ya mama yake hakuna aliyeijua.

Misheni iliwapa chakula, mavazi, darasa, ufundi na ubatizo. Wavulana walifundishwa useremala, uashi na uhunzi; wasichana walilelewa na masista. Henry Morton Stanley, alipopita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alistaajabu kukuta mapadri wakimwandalia shampeni na vijana wakipiga matarumbeta kwa nyimbo za Kifaransa. Vijana walipokua walioana, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji kilichoitwa Kijiji cha Uhuru.

Haitakuwa heshima kwao tukisimulia habari hii kama hadithi tamu. Uhuru wa kijiji hicho ulikuwa na kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya kazi na kengele ya kulala. Kazi ya shamba la misheni ilikuwa wajibu. Ndoa zilipangwa, au angalau zilisimamiwa kwa karibu sana. Mapadri walikuwa wametoka Réunion, kisiwa cha mashamba makubwa ya miwa ambako utumwa ulikuwa umefutwa mwaka 1848 tu, na mawazo yao kuhusu namna ya kumfanya mtu aliyekuwa mtumwa awe raia mwema yalinuka shamba la miwa. Wapo waliotoroka kwenda mjini au kujiunga na misafara. Mwanahistoria Paul Kollman, aliyechambua kumbukumbu za misheni hii katika kitabu chake cha mwaka 2005, anaonesha wazi kwamba waliokombolewa hawakuwa udongo mikononi mwa mapadri: walidai, waligoma, walibishana, walichagua kubaki au kuondoka.

Na wengi walibaki. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Kanisa la Bagamoyo lilipozaliwa kweli. Sultani alitoa ruhusa, na Horner alipima ardhi, lakini Kanisa lilianza pale mtu aliyenunuliwa alipopata nafasi ya kuondoka na akaamua kukaa. Kununuliwa hakukuwa chaguo lake. Kubaki kulikuwa chaguo lake.

Februari 1874 watu wa aina hiyo waliingia Bagamoyo wamebeba maiti. David Livingstone alikuwa amefariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao walizika moyo wake huko, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi kadhaa hadi pwani. Chuma na Wainwright walikuwa Wayao waliowahi kuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Usiku huo mwili wa Mprotestanti wa Uskoti ulipumzishwa katika kanisa la Wakatoliki, kwenye mji wa Sultani Mwislamu, na walioufikisha ni Waafrika waliojua utumwa kwa miili yao. Mnara umepewa jina la Livingstone, naye anastahili. Lakini tukiuliza ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wanaoweza kutaja jina la mbebaji mmoja, jibu litatuaibisha.

Mwaka ambao ukuta wa misheni ulipimwa

Ujirani wa kweli hupimwa wakati wa vita. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kuutwaa utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani, watu wa Pangani, Bagamoyo na miji mingine waliinuka. Upande huu kiongozi wao alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Mji wa Bagamoyo uligeuka uwanja wa mapigano na nyumba nyingi zikaharibika. Misheni haikuguswa. Maelfu ya watu wa dini zote walikimbilia ndani ya uwanja wake na kulala chini ya miembe ile ile ambayo leo wageni wanapiga picha.

Kwa nini Abushiri aliiacha? Tukiangalia kilichotokea Pugu tutapata jibu. Wabenediktini kutoka Ujerumani walikuwa wamefika Pugu muda mfupi tu kabla, na machoni pa watu hawakutofautiana na kampuni ya Kijerumani. Tarehe 13 Januari 1889 misheni yao ilishambuliwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Aliyejadiliana na Abushiri hadi mateka wakaachiliwa alikuwa Padri Baur wa Bagamoyo. Mtu mwenye silaha alikaa na padri akazungumza naye kwa sababu alimjua. Misheni yake ilikuwa imekaa Bagamoyo kwa miaka 20. Wakatoliki hao hao, imani hiyo hiyo, nchi hiyo hiyo: mmoja ana majirani, mwingine hana. Abushiri mwenyewe alinyongwa na Wajerumani huko Pangani, Desemba 1889.

Mlango wa pili

Wazee wa mji huu wanajua kwamba katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na mlango mwingine wa kutokea utumwani, na hauko mbali na ule wa misheni. Mtoto mmoja kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, aliletwa Bagamoyo akiwa mtumwa katika nyumba ya Waarabu wa ukoo wa al-Lamki. Alisoma, akafanya biashara, akapewa ijaza katika tarika ya Kadiria, akawa Sheikh Yahya bin Abdallah, yule tunayemwita Shehe Ramiya. Hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa ameifanya Bagamoyo kitovu cha Kadiria ambacho wafuasi walikijia kutoka bara, na mwanawe Sheikh Muhammad akaendeleza kazi hiyo.

Namtaja katika mhadhara wa urithi wa Kikatoliki kwa makusudi. Katika jamii ya pwani ya karne ya 19, mtu aliyetoka bara bila ukoo aliitwa mshenzi. Ungwana ulikuwa wa wenye nasaba. Tarika iliwaambia watu kama hao: njooni kwenye dhikri, hapa nasaba yenu ni silsila ya masheikh. Misheni iliwaambia: njooni kwenye ubatizo, hapa nasaba yenu ni watakatifu. Milango miwili, watu wa asili moja, haja moja ya kupata utu na jina. Anayeusoma upande mmoja bila mwingine ameusoma mji huu nusu. Mjukuu wa Kijiji cha Uhuru na mjukuu wa mfuasi wa Shehe Ramiya wanaweza kabisa kuwa wametoka bonde moja la Manyema, kwenye msafara mmoja.

Watu wa Shkodër

Sasa tuende Albania. Mtauliza, Bagamoyo na Albania wapi na wapi? Uzi mwembamba upo. Tarehe 4 Desemba 1889 Emin Pasha, mtawala wa zamani wa jimbo la Ikweta huko Sudan, aliwasili hapa pamoja na Stanley, na usiku huo kwenye karamu ya Wajerumani akaanguka kutoka dirishani na kuumia vibaya. Kabla ya kwenda Sudan, mtu huyo alikuwa daktari katika utumishi wa dola ya Waturuki huko Albania ya kaskazini, katika mji wa Shkodër. Huo ndio mji ninaotaka kuuzungumzia.

Shkodër ni makao makuu ya Ukatoliki wa Waalbania. Baada ya Skanderbeg, kiongozi wa Waalbania dhidi ya Waturuki, kufariki mwaka 1468 huko Lezhë, nchi nzima iliingia chini ya Waturuki, na kwa karne zilizofuata Waalbania wengi wakawa Waislamu. Kusini walibaki Waorthodoksi wengi; kaskazini, katika milima na kando ya ziwa la Shkodër, walibaki Wakatoliki. Kosovo kulikuwa na familia zilizojulikana mitaani kwa majina ya Kiislamu huku nyumbani zikifunga Kwaresima. Kitabu cha kwanza kinachojulikana cha lugha ya Kialbania ni kitabu cha Misa, kilichoandaliwa na padri Gjon Buzuku mwaka 1555. Hata sheria za mila za milimani, Kanuni ya Lekë Dukagjini, zilikusanywa kutoka vinywani mwa wazee na Mfransisko, Padri Shtjefën Gjeçovi. Imani pale ilipita katika damu: ukoo, nyumba, bibi na mjukuu.

Mwaka 1967 serikali ya kikomunisti ya Enver Hoxha ilifunga makanisa na misikiti yote, kisha ikajitangaza kuwa dola ya kwanza duniani isiyo na dini. Kanisa kuu la Shkodër liligeuzwa ukumbi wa michezo. Padri Shtjefën Kurti, aliyekuwa tayari mfungwa mzee, aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu alimbatiza mtoto. Padri Ernest Simoni alipelekwa kwenye kazi ngumu. Aliishi hadi akafanywa kardinali mwaka 2016, mwaka ambao mashahidi 38 wa Albania walitangazwa wenye heri. Misalaba ilivunjwa, vitabu vikachomwa, kengele zikanyamaza zaidi ya miaka 20.

Novemba 1990 Padri Simon Jubani, aliyekaa gerezani miaka mingi, aliongoza Misa ya hadhara kwenye makaburi ya Shkodër. Maelfu walikuja, na Waislamu wa mji walikuwamo. Kabla mwezi huo haujaisha, msikiti nao ulifunguliwa. Imani ilikuwa imehifadhiwa jikoni na vitandani, kwa akina mama waliofundisha ishara ya msalaba kwa mnong'ono, na kwa majirani ambao hawakuchongea.

Mwalbania mmoja tunamjua wote. Agnes Gonxha Bojaxhiu alizaliwa Skopje mwaka 1910, katika familia ya Wakatoliki wa Kialbania, akawa Mama Teresa wa Kolkata. Mama yake na dada yake walifia Tirana miaka ya 1972 na 1973 bila yeye kuruhusiwa kwenda kuwaona. Mwaka 1968 masista wake, Wamisionari wa Upendo, walifungua nyumba Tabora. Tabora ni kituo cha barabara ile ile ya misafara iliyoishia hapa Bagamoyo, na mwaka 1968 ndio Kanisa la Tanzania lilipoadhimisha miaka 100 tangu misheni ya Bagamoyo. Binti wa taifa lililonyimwa kanisa alituma watu wake kuwahudumia maskini mahali ambapo watumwa walipangwa mstari kuelekea kwetu.

Sisi na wao

Tuwalinganishe sasa. Shkodër walinyang'anywa majengo, nyumba zikaibeba imani. Sisi tumepata kinyume chake: majengo tunayo, na yanatunzwa, lakini nyumba tumeziacha zikapotea katika simulizi. Mwalbania wa milimani anaweza kutaja mababu zake vizazi kadhaa. Mkristo wa kwanza wa Bagamoyo hakuwa na babu wa kumtaja, maana alitenganishwa naye kwa nguvu. Padri alimpa jina la mtakatifu siku ya ubatizo, na mara nyingi hilo ndilo jina pekee lililobaki. Kwa hiyo wakati Mwalbania anahifadhi urithi kwa kukumbuka ukoo, sisi inatupasa kuutafuta ukoo ambao historia ilikusudia usiwepo.

Tusidhani jambo hili ni dogo, kwa sababu matunda ya watu hawa yako kila mahali. Kutoka Bagamoyo mapadri na familia za waliokombolewa walikwenda kuanzisha Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera, Morogoro na Tununguo. Mapema miaka ya 1890 walikuwa Kilema, chini ya Mlima Kilimanjaro. Misheni mpya haikuanzishwa na padri peke yake na biblia yake. Ilianzishwa na waashi, wakulima na walimu wa dini waliolelewa hapa. Mbegu za kahawa aina ya Bourbon zilizotoka Réunion ziliota hapa kwanza, na kutoka kwa mapadri hao hao zikafika Bura kwa Wataita na viunga vya Nairobi. Kahawa ya wakulima wa Uchagga nayo ina mizizi katika bustani ya misheni ya Kilema. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi bado tunawaita Mapadri Weupe, walifungia mizigo yao hapa mwaka 1878 kabla ya kuanza safari iliyowafikisha Buganda Februari 1879. Kanisa la mashahidi wa Uganda, na makanisa mengi ya Maziwa Makuu, yana alama ya mchanga wa pwani hii.

Lugha yetu pia inawadai shukrani. Padri Charles Sacleux alifika pwani mwaka 1879 akakaa hadi 1898, akigawa siku zake kati ya mimea na maneno. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyotoka kati ya 1939 na 1941, bado ni hazina kwa kila anayetafuta lahaja za zamani: maneno ya vyombo vya baharini, majina ya samaki, misemo iliyokwisha kusahauliwa. Kama Buzuku alivyowapa Waalbania kitabu chao cha kwanza, Sacleux alituwekea ghala. Lakini kamusi haitungwi na msikilizaji peke yake. Waliomtamkia maneno hayo, mabaharia, wapagazi, wanawake wa mjini, vijana wa misheni, wametoweka nyuma ya jina lake.

Hata Bagamoyo yenyewe ilitoweka kwa muda. Mwaka 1891 makao makuu ya Wajerumani yalihamia Dar es Salaam, na reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka huko, misafara ikaisha. Mwaka 1906 Bagamoyo iliwekwa kuwa makao ya vikarieti chini ya Askofu François-Xavier Vogt, na kanisa jipya kubwa likakamilika mwaka 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza. Mwaka 1953 jimbo likaundwa kwa jina la Morogoro, na jina la Bagamoyo likaondoka kwenye orodha ya majimbo. Mwaka 2018 taifa lilikuja hapa kuadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji. Kisha, Machi 2025, Papa Fransisko akaunda Jimbo la Bagamoyo, na Askofu Stephano Musomba akawa mchungaji wake wa kwanza. Jimbo jipya lina nafasi ambayo majimbo mengi hayana: linaweza kuamua mapema litajikumbuka kwa njia gani.

Mambo matatu ya kufanya

Nina mapendekezo matatu, nami ningependa yajadiliwe kwa ukali.

La kwanza ni vitabu. Vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya vifo, pamoja na shajara ya misheni, ndivyo ukoo ulioandikwa wa Wakristo wa kwanza. Nyaraka nyingine za shirika zimehifadhiwa Chevilly-Larue, karibu na Paris. Karatasi inaliwa na mchwa na unyevu wa bahari. Kila ukurasa upigwe picha, nakala zikae hapa na zifunguliwe kwa watafiti wetu na kwa familia. Kisha majina ya waliokombolewa yachorwe kwenye jiwe makaburini, hata kama ni jina moja moja la ubatizo lisilo na jina la baba. Mapadri na mabruda wana mawe yao tangu zamani.

La pili ni vinywa. Wapo wazee kuanzia hapa mjini hadi Mandera, Lugoba na Morogoro ambao bibi zao waliwasimulia habari za kengele ya misheni, za nyumba zilizogawiwa, za walioondoka usiku. Vyuo na shule zetu za sekondari zina wanafunzi wenye simu zinazorekodi. Mwalimu wa historia akiwapa kazi ya kumhoji bibi badala ya kunakili ukurasa wa kitabu, katika muhula mmoja tutakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mtafiti wa nje anayeweza kuipata. Hili ndilo somo tunaloweza kulichukua Shkodër moja kwa moja: nyumba ndiyo ilikuwa makumbusho.

La tatu ni njia. Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka Barabara ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Faili hilo halitapata nguvu kama Kanisa litasimulia lake, Idara ya Mambo ya Kale yake, na tarika yake. Mgeni anayekuja Bagamoyo apite njia moja: aanze Kaole, aende kwenye kituo cha misafara, aione Ngome Kongwe, azuru alipozikwa Shehe Ramiya kwa adabu inayostahili, amalizie Kijiji cha Uhuru na misheni. Waongozaji wa watalii, Wakristo kwa Waislamu, wafunzwe pamoja na wasimulie habari moja. Atakayemaliza njia hiyo atajua kwamba watu waliotendewa unyama mkubwa katika mji huu walitafuta utu wao kwa milango zaidi ya mmoja, na kwamba wenye mji, kwa sehemu kubwa, waliwaachia milango hiyo wazi.

Najua pingamizi litakalokuja. Wapo Wakatoliki watakaosema napunguza kazi ya wamisionari, na wapo Waislamu watakaosema naikwepa sehemu ya wenyeji wa pwani katika biashara ya watumwa. Kwa wa kwanza nasema: misheni iliwakomboa watu, na kipimo cha ukombozi ni aliyekombolewa, awe na jina na sauti. Kwa wa pili nasema: biashara ile ilifanywa na Waarabu, Waswahili, Wahindi waliotoa mtaji, watemi wa bara waliouza mateka, na Wazungu walionunua pembe na karafuu. Hakuna ukoo wa mji huu wala wa Ulaya unaoweza kunawa mikono. Kukubali hivyo ndiko kunakotupa haki ya kukaa meza moja na kugawana kazi.

Kwa hiyo naomba mjadala wetu uanzie kwenye pendekezo la kwanza, maana ndilo lenye haraka: nani atavifungua vitabu vya ubatizo, lini, na kwa fedha ya nani?  Sasa ni zamu yenu.